Tusiombe Shimo Tu, Tuombe na Kazi ya Kila Siku

Posho hii tuzungumuze juu ya uchafu. Si ule wa ndani ya uwanja, juu ule tunaufagia kila asubui bila kufundishwa. Ni ule wenye kutoka kwetu: kisha chukudu ao kamyo kuubeba, unafika wapi, na nani anauangalia huko?

Kila mara neno la uchafu likiletwa mbele ya wakubwa wa muji, jibu ni moja: tutafute pahali mbali, tuchimbe shimo kubwa, mambo yataisha. Tunapiga makofi na kurudi nyumbani. Lakini kuna miji yenye ilichimba shimo, tena ikalichimba vizuri, na kisha miaka uchafu ule ukaua watu. Tuone namna gani ilitokea, ili siku shimo letu litachimbwa tujue kitu gani cha kuuliza.

Kiteezi, kwa jirani zetu wa Uganda

Kiteezi ni pahali karibu na Kampala, upande wa kaskazini, katika wilaya ya Wakiso. Katika mwaka wa 1996, kwa musaada wa Banki ya Dunia, wakubwa wa Kampala walifungua pale jalala la kufukia uchafu. Halikuwa jalala la kutupatupa. Lilitengenezwa kwa mupango: maji machafu yalikuwa na pahali pa kukusanywa na kusafishwa, na uchafu ulipaswa kutandazwa na kufunikwa kwa udongo.

Muji ukaongezeka. Jalala lile la hektari karibu 14 likafika kupokea zaidi ya tani 1,000 kila siku. Likajaa, wataalamu wakasema limejaa, lakini kamyo ziliendelea kupanda. Kwa sababu chini hapakuwa tena nafasi, uchafu ulirundikwa kwenda juu mpaka ukakuwa mulima. Nyumba za watu nazo zikasogea mpaka kwenye miguu ya mulima ule. Udongo mwengine wa kuweka jalala mupya ulikuwa umekwisha kununuliwa miaka mingi mbele, pahali panaitwa Ddundu. Udongo ulinunuliwa, jalala halikujengwa.

Tarehe 10 ya mwezi wa 8, mwaka wa 2024, siku ya Jumamosi, kisha mvua nyingi, mulima ule ulipasuka na kuteremuka juu ya nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwa ndani yao.

Na Kiteezi haiko peke yake. Kule Addis Ababa, Ethiopia, jalala la Koshe lilianguka tarehe 11 ya mwezi wa 3, mwaka wa 2017, likaua zaidi ya watu 110. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kule Maputo, Msumbiji, jalala la Hulene lilianguka usiku wa tarehe 19 ya mwezi wa 2, mwaka wa 2018, kisha mvua kubwa, na zaidi ya watu 15 wakafa. Miji hii mitatu iko mbali moja na ingine, lakini kifo chao ni kimoja: lundo refu, maji ndani yake, na watu masikini wenye kulala chini yake.

Sababu gani lundo linaanguka

Katika inchi masikini, zaidi ya nusu ya uchafu wa muji ni mabaki ya chakula na majani: maganda ya ndizi, ya muhogo na ya viazi, vijiti vya sombe, makaratasi ya mahindi. Vitu hivi vina maji ndani. Vikirundikwa vinaoza, vinatoa maji meusi yenye kunuka, na vinatoa gazi. Karibu nusu ya gazi ile ni metani, ni kusema gazi yenye kuwaka. Ndiyo sababu jalala linaweza kuungua ndani kwa ndani kwa siku nyingi, na moshi unatoka bila kuona ndimi za moto.

Sasa ongeza mvua juu yake. Maji yanaingia na hayana pahali pa kutokea. Lundo linakuwa zito, na ndani yake plastiki na vitu vyenye kuoza vinateleza kimoja juu ya kingine. Kama ubavu wake umesimama kama ukuta, na kamyo zinaendelea kumwaga huko juu, siku moja linaachia. Sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa sana juu ya hilo. Tunajua namna mulima wa udongo unateremuka kisha mvua ya usiku. Mulima wa uchafu unafanya vilevile, ila uchafu ni mulaini kuliko udongo.

Jalala zuri lina kazi mbili

Kazi ya kwanza ni kujenga. Chini ya shimo panatandikwa udongo wa mufinyanzi wenye kushindiliwa sana, ao plastiki nene, ili maji meusi yasishuke kwenye chemchemi. Juu yake panawekwa majiwe na mirija yenye matundu ya kukusanya maji yale na kuyapeleka pahali pa kuyasafisha. Mirija mingine inasimama wima ili gazi itoke. Mitaro inazunguuka jalala lote ili maji ya mvua yapite pembeni, yasiingie. Kazi hii inafanyika kwa muda, inapigwa picha, inafunguliwa kwa sherehe.

Kazi ya pili ni ya kila siku, na hakuna mutu anaipiga picha. Kwenye mulango kuna mulinzi mwenye kuandika kila kamyo: imetoka wapi, imebeba nini, uzito gani. Anakataa sindano na damu za hospitali, juu vile vina njia yao. Ndani, uchafu wa siku ile unamwagwa pahali pamoja padogo, si kila dereva pahali anapenda. Mashine inautandaza kwa tabaka nyembamba na kuukanyaga mpaka ushikamane. Jioni unafunikwa na udongo, kama sentimeta 15 hivi. Udongo ule mudogo ndio unazuia inzi, panya, imbwa, harufu na moto. Ubavu wa lundo unakatwa kama ngazi na kulazwa: kwa kila meta 1 ya kupanda juu, meta 3 za kwenda upande.

Ukiacha kazi hii ya pili hata miezi michache, jalala zuri linageuka jalala la kawaida. Chungu kizuri hakipiki chenyewe. Kiteezi ilianza na chungu kizuri.

Hapa kwetu Congo tuna mufano wetu. Kinshasa ilipata jalala la kufukia uchafu kule Mpasa, upande wa mashariki wa muji, kwa feza za Umoja wa Ulaya. Feza zile zililipa pia kubeba uchafu kutoka kwenye vituo vya muji. Musaada ule ulikwisha katika mwaka wa 2015. Shimo halikwenda popote, lilibaki pale pale. Kilichokwenda ni feza za mafuta, za vipuri vya mashine na za mishahara. Uchafu ukarudi kulala kwenye barabara na ndani ya mito.

Kwa hiyo tukisikia muradi wa jalala mupya, swali letu la kwanza lisiwe "mutachimba lini?" Liwe hili: "Nani atalipa mafuta ya mashine mwaka wa tano?" Sisi wenye kuwa ndani ya likelemba na MUSO tunaelewa neno hili vizuri. Kununua ngombe si kazi. Kazi ni majani ya kila siku.

Lundo lenye kuwa tayari linaweza kutengenezwa

Wengine watasema: hatuna feza za jalala la kisasa, basi tungoje. Hapana. Kungoja ndiko kulifanya Kiteezi ikawa mulima. Kuna mambo ambayo muji unaweza kuanza kwenye jalala lenye kuwa leo, kwa feza kidogo: kuweka mulango mumoja na mulinzi, kuchimba mutaro wa kuzuia maji ya mvua, kumwaga pahali pamoja tu, kulaza ubavu wenye kusimama, kufunika kwa udongo hata kama si kila jioni, kukataza moto, na kuondoa nyumba zilizo chini ya lundo mbele ya wakati wa mvua kufika, kwa kuwapatia watu wale pahali pengine pa kukaa.

Kuna pia njia yenye ilitoka muji wa Fukuoka, huko Japani, tangu miaka ya 1970. Chini ya uchafu wanalaza mirija mikubwa yenye matundu, wanaizunguusha na majiwe, na ncha ya murija inaachwa wazi. Maji meusi yanatoka kwa haraka, na hewa inaingia kwa njia ile ile. Uchafu wenye kupata hewa unaoza mbio, maji yake yanakuwa na ukali kidogo, na metani inapunguka. Uzuri wake ni huu: kama hakuna mirija ya bei, kuna inchi zilitumia mianzi na mapipa ya zamani. Kisha Hulene kuanguka, Japani ilisaidia Maputo kuimarisha lundo lile kwa njia hii, na Koshe vilevile ilitengenezwa kwa njia hiyo.

Na tusisahau wenye kuokota. Kwenye jalala kuna wamama na vijana wenye kuchagua chupa, vyuma na plastiki ili wapate chakula. Miji mingi ikianza kutengeneza jalala inawafukuza. Hiyo ni kosa. Kazi yao inapunguza lundo. Kinachohitajika ni kuwaandika majina, kuwapa buti na glovu, kuwapangia saa zao mbali na mashine, na kutoruhusu mutoto kuingia hata mumoja.

Kivu yetu ni pahali pagumu kwa jalala

Tuseme ukweli: si kila udongo unakubali jalala. Bukavu ni milima na mabonde. Uchafu ukitupwa kwenye bonde, mvua inaubeba mpaka muto kama Kawa, kutoka Kawa mpaka Ziwa Kivu, na kutoka ziwani mpaka pahali Ruzizi inaanzia. Pale kuna kituo cha umeme cha Ruzizi, na mara nyingi plastiki zinaziba mitambo yake, moto wa umeme unakatika. Sashe yenye tulitupa mutaroni inarudi kwetu kama giza ndani ya nyumba.

Goma nayo imekaa juu ya majiwe ya volkeno. Kuchimba ni kazi ngumu, na majiwe yale yana nyufa; maji meusi yakipita pale yanashuka mbio bila kuchujwa na udongo. Pahali kama pale, kutandika vizuri chini ya jalala si jambo la kupunguza bei.

Wataalamu wana vipimo vyao vya kuchagua pahali: mbali na nyumba na visima, nusu kilometa ao zaidi, si kando ya muto ao pahali pa mafuriko, si karibu na uwanja wa ndege kwa sababu ya ndege wenye kuruka juu ya uchafu, kilometa 3 ao zaidi, na maji ya chini ya udongo yasiwe karibu. Lakini lisiwe mbali kupita kiasi. Kama safari ni ndefu na barabara ni mbovu, dereva atamwaga njiani usiku. Muji wenye jalala la mbali unahitaji kituo cha katikati, pahali chukudu na magari madogo yanaleta uchafu, na kamyo kubwa inaupeleka mara moja.

Sheria iko upande wetu. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 ya mwezi wa 7, mwaka wa 2011, juu ya kulinda mazingira, inaomba kazi kubwa kama hii ifanyiwe kwanza uchunguzi juu ya mazingira na maisha ya watu, na wenyeji waulizwe maoni yao. Ni kusema mama mwenye shamba karibu na pahali palipochaguliwa ana haki ya kusikilizwa mbele mashine haijafika, si nyuma.

Maswali ya kupeleka kwa wakubwa

Wakati kikundi chenu kitaitwa kwenye mukutano wa kartiye ao wa komini, chukueni maswali haya, na muandike majibu:

1. Pahali palipochaguliwa, maji ya chemchemi na visima vya karibu yanapita wapi? Nani alipima?

2. Kila mwaka kazi ya jalala itaomba feza ngapi, na zitatoka wapi kisha wafazili kuondoka?

3. Udongo wa kufunikia utatoka wapi, na utafika mara ngapi kwa posho?

4. Jalala litajaa mwaka gani, na jalala lenye kufuata litaanza kujengwa mwaka gani? Mukumbuke Ddundu: kununua udongo si kujenga.

5. Nani atazuia watu kujenga nyumba karibu, na wenye kuwa pale tayari watapelekwa wapi?

6. Waokotaji watapata nafasi gani?

Mukubwa mwenye kupanga vizuri hatakasirika kwa maswali haya. Majibu yake yatamusaidia yeye mwenyewe.

Kazi yenye kuwa mikononi mwetu

Maswali ni ya wakubwa, lakini jikoni ni kwetu, na mwanzo wa mulima ule ni jikoni. Kama zaidi ya nusu ya uchafu ni maganda na majani, basi mama mwenye kutenga maganda anapunguza nusu ya muzigo wa kamyo, na anaondoa kitu chenye kuleta maji na gazi ndani ya lundo.

Weka ndoo mbili. Moja ya vyenye kuoza, ingine ya vingine. Vyenye kuoza, peleka kwa mifugo kwanza: mbuzi, nguruwe, sungura na dende wanakula sehemu kubwa. Kinachobaki, fanya mboji: tabaka ya maganda, tabaka ya majani makavu, udongo kidogo juu, maji kidogo kama kumekauka. Geuza kila posho mbili. Kisha miezi mitatu hivi unapata mbolea nyeusi yenye kunuka kama udongo wa pori. Lengalenga na sombe zitakuambia asante. Wenye hawana shamba wanaweza kukusanyika watano ao kumi na kupeana zamu kwenye uwanja wa mumoja wao.

Sashe tuipunguze kwa kubeba kikapu sokoni. Tangu mwaka wa 2017 Leta ilikwisha kutoa amri ya kukataza sashe na vifungio vya plastiki, lakini amri bila kikapu ni karatasi. Betri za toshi na za radio zisiingie kwenye mboji wala kwenye moto, zifungwe pembeni. Majivu ya mbabula yapoe kabisa mbele ya kutupwa. Kala moja linatosha kuwasha jalala.

Na tusichome plastiki nyuma ya nyumba. Moshi wa plastiki yenye kuungua vibaya una sumu yenye kuitwa diyoksini. Sumu ile inatua juu ya majani, inaingia ndani ya wanyama na samaki, tunaila, inakaa ndani ya mafuta ya mwili wetu miaka mingi, na sehemu yake inapita kwenye maziwa ya mama. Hii si sababu ya kuacha kunyonyesha. Maziwa ya mama yanabaki chakula kizuri kuliko vyote kwa mutoto muchanga, na Shirika la Afya Ulimwenguni linaendelea kusema hivyo. Ni sababu ya kuzima moto.

Mwisho, vijana wenye kubeba uchafu wetu kwa chukudu na pusipusi tuwalipe kwa wakati. Tukimwambia kijana "pita kesho" mara tatu, mara ya ine atamwaga mutaroni, na mutaro ule unapita mbele ya nyumba ya mama mwengine. Vikundi vyenye kukusanya franka kidogo kwa kila nyumba na kuzilipa kwa mwezi vinafanya vizuri kuliko kila mutu kutafuta wake.

Posho hii kila kikundi kifanye mambo mawili tu. La kwanza: siku ya salongo, fuateni uchafu wenu mpaka pahali unamwagwa, muangalie kama kuna nyumba chini ya lundo, mutaro, na mutu mwenye kulinda mulango. La pili: chagueni wamama wawili wenye kupeleka maswali sita kwa shefu wa kartiye mbele mvua hazijaongezeka. Majibu mutayapata, mutuletee tuyaandike hapa ili kartiye zingine zisome.

Tubaki na afya na umoja.